Sura ya Tisa: Keria Kwenye Baiskeli ya Mbio

"Dereva, hebu punguza mwendo," alisema Bi Zabibu. "Kuna mtoto wa kike pale mbele, ana shida."

Tahiri alikuwa amekwisha kumwona. Alimwona tangu kona ya chini, akiwa bado doa la bluu kwenye vumbi la ule mlima wa kupandia Newala, na moyo wake ukafanya kile unachofanya kila mara: ukaruka. Kisha ukakumbuka ni nani waliokuwemo ndani ya gari, ukaanguka puu.

Ndani ya ile Noah ya kukodi, mbali na dereva, alikuwemo Mjomba Muharami, kaka wa mama yake, mwenye neno la mwisho katika ukoo, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwemo Shangazi Zabibu, mapajani amepakata kikapu cha posa kilichofunikwa kitambaa cheupe. Na nyuma yao alikaa Tahiri mwenyewe, kijana wa duka la baiskeli la Masasi, kanzu mpya inamwasha shingoni. Walikuwa wanakwenda kuposa. Na yule msichana aliyeinama kando ya barabara, kaptura nyeusi imembana mpaka magotini, fulana ya bluu imelowa jasho, mikono myeusi kwa grisi, ndiye Sijaona, huyo huyo waliyekuwa wanakwenda kumposa.

Ila Mjomba na Shangazi walikuwa hawajawahi kumtia machoni. Wageni walitazamiwa Newala baada ya swala ya adhuhuri. Mjomba, kwa tabia yake ya kuwahi mpaka watu wanakereka, aliwang'oa Masasi asubuhi na mapema. Sijaona wa watu angejuaje?

"Huyo hana shida ya baiskeli," alisema Mjomba Muharami. "Ana shida ya wazazi. Mtoto wa kike anatoka kwao vile, na watu wamo ndani wanamwangalia?"

Gari likapunguza. Sijaona aliinua uso, akakinga jua kwa kiganja. Akamwona Tahiri nyuma ya kioo. Loo, tabasamu lile! Lilikuwa tabasamu la mtu aliyehangaika peke yake, kisha akaona amefikiwa na mtu wake. Akapunga mkono.

"Anakupungia wewe, Tahiri," alisema Bi Zabibu. "Unamfahamu?"

Kioo kilikuwa kimepandishwa na mkono wa Tahiri ulikuwa juu ya kitufe cha kukishusha. Ulikaa pale pale.

"Simfahamu, shangazi."

"Mbona anacheka kama ndugu yako?"

"Labda amewahi kuja dukani. Wateja ni wengi."

"Twende, dereva," alisema Mjomba. "Tusicheleweshwe na mambo yasiyotuhusu."

Noah ikavuta, ikamwachia Sijaona vumbi lote. Tahiri aligeuka, na heri asingegeuka. Mkono wa Sijaona ulikuwa bado juu. Halafu ukashuka polepole, ukatua kwenye kiti cha baiskeli. Na hapo ndipo Tahiri alipoona kilichomkwamisha: keria ya nyuma ilikuwa imelala upande, mguu wake mmoja umezama ndani ya gurudumu, spoku zimekatika zimechomoza nje.

Keria ile aliifunga yeye.

*

Hebu tumjue kijana huyu kabla hatujamlaani, maana kulaani ni kazi rahisi.

Sijaona, mwalimu wa shule ya msingi ya Newala, aliingia dukani kwake mwaka jana akiuliza baiskeli ya mbio. Alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya Mtwara, yale ya kuogelea baharini, kisha baiskeli kilometa tisini, kisha kukimbia, yote siku moja, bila kulala wala kula pilau katikati. Tahiri alidhani anataniwa.

"Mtoto wa Newala, kwenye maji ya kununua kwa dumu, kuogelea umeogelea wapi?"

"Mikindani, kwa mama mdogo. Kila likizo. Wewe niuzie baiskeli, maji niachie mwenyewe."

Akaichagua moja iliyong'aa, nyekundu, imetundikwa juu kabisa. Tahiri akakataa kuishusha. Ile ilikuwa ndefu kwake. Ingemvunja mgongo kabla hajafika nusu ya safari. Ilibidi wapime urefu wa mguu, tangu kisigino mpaka mapajani, na Tahiri akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Akampa utepe, akageukia ukutani, akajifanya anasoma kalenda ya dawa ya mikorosho.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Wewe umefika mwezi gani?"

"Septemba."

"Soma mpaka Desemba," alisema Sijaona, na Tahiri akasikia kwenye sauti yake kwamba anatabasamu, na hapo hapo, mbele ya kalenda, akajua amekwisha.

Wakaipata ya kijivu, mtumba, fremu nyepesi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Jioni baada ya jioni Tahiri aliitengeneza. Aling'oa madigadi, aling'oa stendi, aling'oa kengele. Alibadili tairi, akaweka nyembamba. Aliinua kiti kidogo, akakishusha, akakiinua tena, Sijaona juu yake ameshika ukuta, mpaka goti lake likawa linakunjuka kama linavyotakiwa. "Kila kisicho cha lazima tunakitoa," alimwambia. "Unataka ikubebe wewe tu."

Basi penzi likaota hapo, kwenye harufu ya grisi.

Sasa njooni kwenye mabaya. Mwezi uliopita mteja mmoja alisimama dukani akasimulia alivyomwona binti wa Newala kwenye baiskeli ya mbio, mapaja nje. "Huyo ataolewa na nani?" Waliokuwepo wakacheka. Tahiri akacheka nao. Alicheka, jamani, huku moyo unamuuma. Sijaona alipokuja tena, akamfungia keria, pana, ya chuma, kama zile za kubebea madumu. Akamwambia ni ya chupa za maji na tyubu za akiba, mbio ndefu zinataka mzigo. Sijaona aliiangalia akasema, "Si ulisema tunatoa?" Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye fundi."

Fremu ile haikuwa na matundu ya keria. Tahiri aliibana kwa vibanio tu, akijua havitashika. Mzigo alioutoa kwa mapenzi, aliurudisha kwa woga, na leo umevunjika mlimani.

*

Nyumba ya kina Sijaona ilikuwa ukingoni kabisa mwa mji, pale ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini kwa mbali, na upepo haupumziki. Sebuleni kulionekana kumeandaliwa kwa nguvu: mikeka mipya, maandazi, na karibu na mlango madumu ya maji yamepangwa safu, yamefunikwa kwa khanga ili yasiingie vumbi. Mtu wa Newala akikuwekea maji mengi namna ile amekuheshimu.

"Shikamoo, mzee," alisema Tahiri.

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni sana. Mmewahi!" Mzee Khalidi, mjomba wake Sijaona, aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye jino moja la mbele lililopungua. "Mama Sijaona! Wageni wako hawa."

Mama Sijaona alitokeza, akasalimia, akacheka cheko la mtu ambaye nyumbani kwake kuna jambo. "Karibuni. Mwenzenu yuko ndani anajiandaa."

Tahiri alitazama mkeka. Alijua aliko.

Kwa desturi mwoaji hasemi. Anakaa karibu na mlango, macho chini, wazee wanasema kwa niaba yake. Tahiri aliishukuru desturi ile, maana hakuwa na ulimi. Wazee wakaulizana habari za mvua, habari za korosho, nani kafa, nani kazaa, mpaka Mjomba Muharami akaifikisha posa. Kisha uani kikasikika kitu kinakuja: tik, tik, tik, tik. Sauti ya spoku zilizokatika, zinagonga fremu kila gurudumu linapozunguka. Tahiri angeitambua usingizini. Alihisi mgongo wa kanzu yake unalowa.

Wanawake wakanong'onezana nyuma ya pazia. "Uko wapi tangu asubuhi, wewe!" "Nimesukuma mlima wote." "Na hiyo mikono?" "Maji si mmeyatunzia wageni?" "Jifunge khanga, upesi, upesi!"

Mzee Khalidi alikohoa kufunika minong'ono. "Basi, ndugu zangu, tumeyasikia mliyoyaleta. Kwetu huku hatumtoi mtoto kama mbuzi. Tunamwita, tunamuuliza mbele ya wageni. Mama Sijaona, mwite."

Pazia likafunguka. Sijaona aliingia amejifunga khanga kiunoni na nyingine mabegani, lakini magoti yenye vumbi yalionekana alipopiga magoti kusalimia, na mikono ilikuwa vile vile, myeusi mpaka viwikoni.

"Shikamooni."

"Mara—" alianza Bi Zabibu, na neno likamkwama kooni. "Yarabi. Si huyu yule?"

Mjomba Muharami aliweka kikombe chini taratibu sana. Alimtazama msichana. Akamtazama tena. Kisha akamgeukia Tahiri.

"Si ulisema humfahamu?"

Upepo tu ndio ulioendelea kuchezea bati. Tahiri aliomba ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Makonde, ngumu kama ilivyo, haikupasuka.

"Nani hamfahamu nani?" aliuliza Mzee Khalidi. Uchangamfu ulikuwa umemtoka.

Mjomba Muharami alijifuta jasho. "Tulimpita barabarani, mzee mwenzangu, ana shida na baiskeli yake. Tukamuuliza kijana, unamfahamu? Akasema hamfahamu." Alisema kwa kukwaruza, neno kwa neno. "Na mimi nikasema maneno ambayo, ningejua ni mtoto wako, nisingeyasema."

Mama Sijaona alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Mzee Khalidi alinyonya lile pengo la jino.

"Desturi ni desturi," alisema mwishowe. "Nilipaswa kuuliza, nitauliza. Sijaona, mwanangu. Wageni hawa, unawafahamu?"

Ndilo swali lenyewe, lile lile wanaloulizwa wasichana wote. Msichana akisema "nawafahamu," amekubali, vigelegele vinapigwa na pilau linapakuliwa. Akisema "siwafahamu," wageni wanabeba kikapu chao, na njia nzima wanajua walichokipata. Tahiri alilingoja swali lile kwa miezi, usiku akilisikia na jibu lake. Sasa lilimkata.

Aliinua macho. Sijaona hakuwa analia. Alikuwa anamtazama tu, kama anavyoitazama baiskeli iliyoharibika, anatafuta tatizo liko wapi.

"Mzee, samahani," alisema Tahiri. "Naomba niseme kabla hajajibu."

"Mwoaji hasemi," alimkaripia Mjomba Muharami.

"Najua, mjomba. Naomba nivunje." Alisogea katikati ya mkeka. "Nilimwona tangu kona ya chini. Nilimfahamu kabla yenu. Nikasema simfahamu kwa sababu niliona aibu."

"Aibu ya nini?" Ni Sijaona aliyeuliza.

"Ya watu."

"Watu walikuwa wapi? Pale nilikuwa mimi na baiskeli."

Tahiri alichokonoa ukingo wa mkeka.

"Sema, Tahiri. Aibu ya nini?"

"Yako," alisema, kwa sauti ya chini mpaka Bi Zabibu akainama kusikia. "Niliona aibu wakuone vile. Wakujue kwa mara ya kwanza vile."

"Vile ndivyo nilivyo kila asubuhi. Vile ndivyo ulivyonipenda, au sivyo ulivyosema?" Alikunja mikono yake michafu mapajani. "Na keria?"

"Keria gani?" aliuliza Mama Sijaona, haelewi.

"Keria ni chuma kile cha nyuma kilichokatakata spoku zangu mlimani, mama. Aliniambia ni ya chupa za maji. Nikashangaa, mtu aliyening'olea hata kengele ananipa mzigo wa chuma? Nikasema mwenyewe ndiye fundi." Hakuondoa macho kwa Tahiri. "Ilikuwa ya nini?"

Angeweza kudanganya. Hakuna mtu mle ndani aliyejua baiskeli kama yeye, angesema lolote wangelimeza. Ila mikono ile ilikuwa mbele yake, na kwenye kidole gumba kulikuwa na mkato mbichi wa spoku, damu imekauka pamoja na grisi.

"Ili watu wakikuona wadhani unakwenda kusaga mashineni," alisema. "Au unafuata maji. Wasikuseme."

"Wasiniseme mimi, au wasikucheke wewe?"

"Wasinicheke mimi."

Sijaona alitikisa kichwa taratibu. Afadhali angepiga kelele. Tahiri alimwona akirudisha kila kitu nyuma kimoja kimoja: kalenda, utepe, zile jioni, kiti kinainuliwa na kushushwa. Anaviangalia upya vyote, ndani ya mwanga mbaya.

"Mjomba," alimwambia Mzee Khalidi, "umeniuliza swali. Huyu namfahamu."

Neno lilipotoka, Mama Sijaona, mama ni mama, aliinua mkono mdomoni apige kigelegele. Sijaona akainua wake, mweusi, kikafia kooni.

"Namfahamu tangu leo asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani tu. Shangazi yangu, na wewe mzee wangu, mnisamehe, mmetoka mbali na hamna kosa. Naomba mrudi na kikapu chenu."

*

Tahiri aliomba ruhusa, akamkuta Sijaona uani, amechuchumaa kando ya baiskeli iliyolazwa ubavuni, khanga ameitupa begani. Alikuwa anafungua vibanio vya keria. Spana ilikuwa ile ile ndogo aliyompa yeye, siku ile ya kwanza alipoweza kubadili tyubu mwenyewe wakapongezana kwa soda.

"Hiyo nati imeota kutu, itakuumiza," alisema Tahiri. "Niachie."

"Nimeshaumia."

Alichuchumaa mbali kidogo, kanzu yake mpya inafagia vumbi, na hakujali. "Nipe gurudumu nikalitengeneze. Mashindano ni mwezi ujao, Sijaona. Ukikosa mazoezi wiki hizi, itakushinda ile milima ya mwisho."

"Litatengenezwa."

"Newala nzima hakuna spoku za saizi hiyo."

"Najua. Ziko dukani kwako." Nati ikaachia. Akaishika mkononi, akaiangalia. "Nitakuja kununua. Nitakuja mchana, siku ya mnada, wakati pale nje wamejaa watu. Nitakuja na kaptura. Nitasimama mlangoni, nitasema, Tahiri, habari za kazi."

"Nami nitaitikia."

"Usiniahidi. Mkono wangu ulikaa juu leo mpaka ukaingia ganzi, kwa ajili ya ahadi zako." Akaiweka nati chini. "Unajua nilipoiona ile gari nilisema nini? Nilisema, Mungu mkubwa, fundi wangu huyu hapa."

Tahiri alifunika uso wake kwa viganja. Alitaka kusema nakupenda. Alilisikia neno likimjia mdomoni, likaonekana dogo, la kubabaisha, mbele ya spoku zilizokatika. Akalimeza.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui." Alinyanyuka, akainua keria kwa mikono miwili, akamwekea mapajani, juu ya kanzu nyeupe. "Chukua mzigo wako. Baiskeli yangu inanibeba mimi tu."

Akaiinua baiskeli, gurudumu la nyuma hewani, akaingia nayo ndani. Hakugeuka. Tahiri alibaki anasikiliza upepo.

*

Walianza safari ya kurudi. Mjomba Muharami alikaa mbele, shingo imekakamaa. Bi Zabibu safari hii alikaa nyuma na Tahiri, kikapu cha posa mapajani, vile vile kama kilivyokwenda, kitambaa cheupe juu. Na mapajani mwa Tahiri kulikuwa na keria, na grisi yake ilikuwa imeshaanza kuchora ramani kwenye kanzu.

"Itupe nyuma huko, inakuchafua," alisema Shangazi.

"Acha inichafue, shangazi."

Walipofika pale alipokwama Sijaona, Tahiri aliona alama ya tairi moja nyembamba kwenye vumbi, na kando yake nyayo za mtu anayesukuma. Akafumba macho.

Chini ya mlima palikuwa na kijiwe cha bodaboda, watu wote wanamfahamu Mjomba Muharami kwa biashara ya korosho. Asubuhi walisimama pale kununua maji. Asubuhi vijana wa pale waliona kikapu, wakajua safari ni ya heri, wakatania: "Mzee Muharami, muangalie sana huko juu, msije mkatuletea yule wa kaptura!" Gari zima lilicheka. Ndiyo, na Tahiri.

Sasa dereva alisimama tena, injini ilikuwa imechemka inataka maji. Vijana wakaizunguka Noah.

"Vipi, mzee? Tupige vigelegele?"

Mjomba Muharami alishusha kioo nusu. Uso ulimshuka. "Aa, bado kidogo. Binti hakuwa mzima. Homa imembana. Tutarudi siku nyingine."

"Pole zake."

Uongo ule ulikuwa mzuri. Ulikuwa na heshima, ulimfunika kila mtu: Mjomba, ukoo, duka, hata Sijaona mwenyewe. Tahiri angekaa kimya tu, injini ipoe, waende zao, na hakuna mtu Masasi angejua lolote. Alihisi mkono wake uko tena pale pale, juu ya kitufe cha kioo.

Akafungua mlango akashuka. Keria ameikumbatia kifuani, kanzu nyeusi kwa grisi tangu tumboni mpaka magotini.

"Tahiri," alisema Mjomba kwa ukali. "Ingia garini."

"Haumwi," Tahiri aliwaambia wale vijana. "Hana homa. Yule msichana tuliyekwenda kumposa ni huyo mnayemwita wa kaptura. Anaitwa Sijaona, ni mwalimu. Baiskeli ile nilimchagulia mimi, nikamtengenezea mimi. Leo asubuhi mlimcheka, nami nikacheka nanyi. Halafu nikampita pale juu ameharibikiwa, nikasema simfahamu."

Kijiwe kizima kilimkodolea macho. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki aliteremka, bila sababu, kama mtu aliyekuta msiba.

"Basi amenikataa," alisema Tahiri. "Na amefanya sawa."

Hapakuwa na mtu wa kumpa pole. Mmoja alikionesha kwa kidole kile chuma kifuani pake.

"Sasa hiyo keria ya nini, kaka?"

Tahiri aliitazama. Kwenye mguu wake mmoja kulikuwa na kipande cha spoku kimenasa, na kwenye chuma alama ya kidole, ndogo, ya damu.

"Hii niliifunga mimi," alisema. "Ili ninyi msimcheke."

Hakuna aliyecheka. Tahiri alisimama pale juani na aibu yake yote mikononi, mbele ya watu wanaomjua, na alipoona haimuui akarudi garini. Mjomba Muharami hakumtazama. Alipandisha kioo, akaivua kofia yake, akaishika mkononi muda mrefu.

Bi Zabibu alikishusha kikapu cha posa miguuni, akajisogeza, ili Tahiri na keria yake wapate nafasi. Gari likaondoka. Walikuwa wamekwisha kuona vilima vya Masasi kwa mbali ndipo alipomgusa begani.

"Spoku za baiskeli ya yule binti, unazo nyingi dukani?"

"Fungu moja tu, shangazi."

"Basi mtu mwingine akija kuuliza," alisema Bi Zabibu, "mwambie zimekwisha."